Sabuni Iliyokataa Kuganda

Mafuta ya kondoo yakiyeyushwa hutoa harufu inayong'ang'ania nywele na nguo. Mpaka leo nikiipata jikoni kwa mtu, narudi kuwa msichana mdogo pale kwetu Ndhiwa, nimeshika mwiko mrefu kuliko mkono wangu, nakoroga kitu kisichotaka kuwa sabuni. Wengine harufu ile huwatia hamu ya nyama. Mimi hutoka nje.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimepata mwalimu, Mkuria mmoja kutoka Kegonga, mwanamke wa sauti kubwa aliyesema nao Kiswahili kwa kuwa Kijaluo kilimshinda, ingawa Kiswahili chenyewe kiliwashinda nusu ya mama zetu. Aliwafundisha kutengeneza sabuni bila kuipika. Unayeyusha mafuta, unayachuja, unayaacha yapoe. Unatia kostiki, ile chumvi nyeupe inayounguza ngozi, katika maji ya mvua. Kisha unachanganya na kukoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtama. "Koroga upande moja tu, mama," alikuwa akisema. "Ukichoka, pea mtoto." Mtoto nilikuwa mimi.

Mama alirudi na mkebe wake wa kostiki ameukumbatia kama mwana. Lakini alikuwa mke wa pili, na katika boma letu mambo hayakuanzia kwa mke wa pili. Mbegu hazikuingia shambani kabla mke wa kwanza, mikayi, hajapanda zake. Kuhusu sabuni hakuna mzee aliyewahi kutoa sheria, ila mama yangu alikuwa na adabu ya kupita kiasi. Nadhani angeomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Akaupeleka mkebe kwa mikayi, niliyemwita Mama Mkubwa, aufungue kwa mkono wake.

Niwaambieni kidogo habari za Mama Mkubwa, kwa maana mambo yote yanamhusu yeye. Mama alipoletwa pale akiwa msichana tu, mwenye kulia kila jioni, huyo ndiye aliyemlaza nyumbani kwake na kumfundisha njia ya mtoni. Mimi nilikula kwake mara nyingi kuliko kwetu, maana mchuzi wake wa samaki ulikuwa mzito na mkono wake haukupima. Siku ile aliufungua mkebe kwa kisu, kifuniko kikapinda, akacheka. "Haya, nyieka," akasema, yaani mke mwenzangu, "nimekufungulia. Tutaitengeneza nikirudi." Alikuwa anakwenda Homa Bay kumtunza binti yake aliyejifungua.

Mama akauweka mkebe darini, kifuniko kimeegeshwa juu yake vilevile kilivyoachwa. Nilipouliza mbona hakifungi, alinijibu kwamba alichofungua mikayi si kazi yake kukifunga. Mvua za masika zikaanza. Kuni zikalowa, viatu vya baba alivyoviacha alipokwenda kazini Kericho vikaota ukungu, na Mama Mkubwa akakawia huko kwa mjukuu wake.

Aliporudi alileta mafuta ya kondoo wake mwenyewe, na siku ya sabuni jiko letu likajaa majirani. Kostiki ilikuwa imeshikana mabonge na kulowa kidogo, lakini hata sukari huwa hivyo wakati wa mvua, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa. Mama alipima kama alivyofundishwa. Tukakoroga. Mama Mkubwa aliinama juu ya sufuria, uso umemchangamka, akasema, "Hii itakuwa nzuri. Hata ya dukani haitaifikia."

Haikuganda. Tulikoroga mpaka mabega yakawaka moto, na kila tulipopumzika mafuta yalipanda juu, maji yakabaki chini, kama watu waliogombana. Tukaipasha moto kidogo. Mama akatia chumvi, halafu jivu. Kesho yake tukarudia, na mama alikoroga huku akiibembeleza kwa sauti ya chini. Nilitamani kumsaidia na sikuwa na la kufanya ila kushika mwiko.

Mwalimu alipopita akauliza maswali yake. Mafuta yalikuwa na chumvi? Hapana. Maji ni ya mvua? Ndiyo. Sufuria si ya alumini? Si ya alumini. Akatazama tena, akatikisa kichwa. "Basi hata mimi sijui, mama." Habari za mkebe hakuna aliyezitaja. Ile ilikuwa heshima tu, na nani hutafuta kosa katika heshima?

Jirani yetu mmoja ndiye aliyelipata kosa. "Mimi sisemi kitu," alianza, kama waanzavyo wasemao kila kitu. "Lakini ni nani aliyeisifu?" Kwetu mtu mwenye jicho baya, sihoho, huharibu kitu kwa kukitazama na kukisifu.

Mama hakumshtaki mtu. Ila tangu siku ile nilikatazwa kwenda kula kwa Mama Mkubwa, na bakuli zikaacha kupita kati ya nyumba mbili. Jioni moja Mama Mkubwa alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. "Nyieka," akasema, "ni mimi?" Mama alikuwa anachambua mboga. Aliendelea kuzichambua. Nilitaka kupiga kelele kwamba si yeye, lakini nilikuwa mtoto, na tena, niseme kweli, mimi pia niliogopa. Akangoja, kisha akaondoka. Baada ya hapo, watu walipopika msibani au harusini, alikaa mbali na moto, ameupa mgongo. Alifariki nikiwa shule ya bweni.

Ni chuoni nilikojua. Mwalimu wetu aliacha chupa ya kostiki wazi mezani, na baada ya muda ikaanza kutoka jasho. Akatuambia kwamba kostiki hunywa unyevu na hewa mpaka nguvu zake ziishe, na kwamba iliyochoka haigandishi sabuni. Wenzangu waliandika. Mimi nililia, wakadhani nimeungua.

Likizo ilipofika sikutua hata mzigo. Nilimweleza mama yote: masika, mkebe, hewa, mabonge. Nilieleza kwa furaha, Mungu anisamehe, kama mtu aliyeleta dawa. Nikamaliza kwa kumwambia kwamba sasa tunajua, Mama Mkubwa hakuiharibu ile sabuni.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, jioni ile mlangoni hakuwa ananiuliza habari za sabuni."

Nilikuwa nimefaulu mitihani yangu yote, na ilinichukua nusu ya umri wangu kuelewa kwamba mama angeweza kumjibu "si wewe" jioni ileile, bila kujua lolote la kostiki, na kwamba mama mwenyewe alikuwa amelijua hilo tangu Mama Mkubwa alipogeuka mlangoni.