Jibu Kabla Chai Haijaisha

Kocha aliniandikia Jumatatu. Nilimjibu Jumamosi ya wiki iliyofuata. Katikati hapo nilikuwa nikimjibu kila siku, ila sikutuma.

Mimi hukimbia mita elfu moja na mia tano. Sijawahi kufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kutazama video na kuzunguka kiwanja cha nyasi karibu na kwetu, Mount Druitt, kitongoji cha ng'ambo alikohamia mama. Hata kuwaandikia makocha wa vyuo vya Marekani nilijifunza mwenyewe: alama za darasani, muda wangu bora, kipande cha video. Wengi walinyamaza. Huyu alijibu kwamba amebakiwa na nafasi moja ya ufadhili, akauliza mambo mawili tu: mbio zangu za mwisho zilikwendaje, na afya yangu ikoje?

Zilikwenda vibaya. Kifundo cha mguu kiliniuma tangu mzunguko wa pili, nikamaliza wa tisa. Kwa hilo sentensi moja ingetosha. Lakini niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Nakiri kwamba rasimu moja ilisema nilikuwa na mafua. Mwishowe nikajiambia nisubiri mbio zijazo, nikimbie vizuri, ndipo nijibu.

Jumamosi hiyo mama alirudi kutoka kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, akanikuta nimeikodolea macho kompyuta.

"Bado yule kocha?"

"Bado, mama. Haijakaa vizuri."

"Kwani unamwandikia Mungu?"

Hakuvua viatu. Alivuta kiti, akapakata mkoba wake kama mtu aliyepita tu. Akanisimulia jinsi katika kambi ya wakimbizi Tanzania, kabla sijazaliwa, barua za jamaa wa kambi nyingine zilivyoletwa na mtu aliyekuwa safarini. Msafiri alipewa chai, na wakati anakunywa, aliyeletewa barua aliandika jibu. Chai ikiisha, jibu linaondoka naye.

"Walioandika vibaya walisomeka," alisema. "Asiyeandika, jamaa zake walianza kumlilia wakidhani amekufa. Sasa mimi ndiye mgeni. Leta chai."

"Utaondoka uende wapi, mama? Hapa ni kwako."

"Usinicheleweshe, nina safari."

Nikampa chai. Nikaandika kwamba nilimaliza wa tisa, kwamba kifundo kinauma lakini kinapona, na kwamba nilichelewa kwa sababu nilitaka kuonekana bora kuliko nilivyo. Nilipotaka kufuta sentensi hiyo ya mwisho, mama aliinua kikombe na kunywa funda kubwa, makusudi. Nikatuma.

Kocha alijibu Jumatatu. Nafasi alikuwa ameshampa mwingine Alhamisi, siku mbili kabla sijamjibu. Kifundo hakikumsumbua, aliandika, kwa kuwa kila mkimbiaji huumia. Ila kimya changu kilimfanya adhani nimepata chuo kingine.

Nililia bafuni, maji yakiwa yamefunguliwa. Mama alisikia hata hivyo. Hakusema alinionya. Aligonga mlango, akauliza, "Wako wengine uliowaweka wakisubiri?"

Walikuwapo wawili, wa vyuo vidogo, ambao nao nilikuwa nikiwatungia majibu mazuri. Jioni hiyo mama alikuwa zamuni. Nilijitilia chai, nikaweka kikombe upande wa pili wa meza, mahali pa mgeni, nikawajibu wote wawili kabla hakijapoa. Katika barua moja nilikosea jina la mji wao. Niliona kosa baada ya kutuma, nikaandika mstari mmoja wa kuomba radhi.

Ni kocha huyo, wa mji niliokosea, aliyenipigia simu Jumamosi asubuhi. Mama alikaa mbali kidogo, viatu mguuni kama mgeni, akijifanya anakunja nguo. Kocha aliniuliza mbio zangu mbaya kuliko zote ni zipi.

"Za mwezi uliopita," nikasema. "Nilikuwa wa tisa."

"Haya," akasema, "nieleze mzunguko wa pili."

Nikamweleza, bila kupanga maneno. Mama akavua viatu.