Machozi ya Mama Enesi

Nyanzobe hakuwa mtu wa kutapikatapika ovyo. Alishapiga video misiba ambayo maiti ilisubirishwa ndugu wa mbali mpaka waombolezaji wakabana pua kwa kanga, na hakutema hata mate. Lakini Julai ile ya mwaka 2015, akiwa amesimama mlangoni mwa duka lake pale Tunduma na simu ya mteja mkononi, alikimbilia uani na chai yote ya asubuhi ikamtoka.

Duka lenyewe lilikuwa uchochoroni, nyuma ya barabara ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Alipiga video za harusi, send-off, mahafali na mazishi. Miaka mingi alikata na kuunga picha mwenyewe kwenye kompyuta yake kuukuu, akihakikisha mama wa bibi harusi ameonekana vizuri na mjomba aliyelewa hakuonekana kabisa. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mpiga video naye ni mwosha wa aina yake.

Halafu ikaingia ile programu ya mtandaoni. Unapandisha vipande vyako vya video, unachagua mtindo, programu inaunga yenyewe, inatia muziki na maandishi, kisha inakupa kiungo cha kurusha kwenye makundi ya Wasapu. Wateja waliipenda kufa. Nyanzobe aliitumia kwa sababu wao walitaka, lakini alikuwa anaionea kinyaa. Siku moja ilimwaga mioyo myekundu juu ya jeneza la mchungaji, na mjane akiwa pembeni anashikiliwa asianguke. Ilibidi aifute yote na kuanza upya kwa mkono.

Mwezi wa sita alikuja Yonasi, muuza vipuri wa pale pale mjini, kijana wa Hasamba kule Mbozi.

"Dada Nyanzobe, baba mdogo alifariki nikiwa safarini," alisema. "Sasa nakwenda kumpa pole mama mdogo. Njoo unipigie, ndugu zangu wa Lusaka nao waone."

Nyanzobe alimhurumia. Marehemu mzee Manase ndiye aliyemlea Yonasi na kumsomesha kwa kahawa yake. Kukosa mazishi yake lilikuwa jambo zito. Wakaenda. Yonasi alibeba unga, sukari na mafuta, kama inavyompasa ndugu aliyechelewa msiba. Na alipokanyaga uwanja, mjane, Enesi, au Mama Enesi kama wengi walivyomwita kwa heshima, akafanya linalompasa mjane: alipomwona tu aliangua kilio upya, kana kwamba Manase amekufa asubuhi ile. Wanawake wa jirani wakampokea kwa sauti. Kisha akapiga magoti, akapokea unga, akapiga makofi ya taratibu ya kushukuru. Kwa watu wa pale ni heshima hiyo, na hata Nyanzobe nyuma ya kamera alilengwalengwa na machozi.

Waliporudi, Yonasi aliomba vipande vyote vipandishwe kwenye akaunti yake mwenyewe ya ile programu. Nyanzobe akavipandisha. Ni vya kwao, alijiambia, watajua wenyewe.

Asichokijua ni kwamba Yonasi alikuwa anautaka udiwani.

Video aliyoonyeshwa na mteja asubuhi ile ilianza kwa kinanda cha huzuni. Uso wa Enesi ulivutwa karibu mpaka ukajaza kioo chote, machozi na kamasi, na juu yake maandishi meupe: ALIKUWA HAJALA. YONASI AKAFIKA. Kisha Yonasi akitembea polepole na kiroba cha unga begani. Kisha magoti, na yale makofi, yamerudiwarudiwa kama mtu anayeombaomba. Msiba haukutajwa popote. Mwishoni nyota zikamzunguka Yonasi kichwani.

"Imebamba hii," mteja alisema. "Mpaka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wanayo."

Hapo ndipo chai ilipomtoka.

Alimpigia Yonasi. Yonasi akacheka. "Dada, siasa hizi. Unga si nilipeleka? Nimedanganya wapi?"

Nyanzobe alikata simu na kuisugua kwenye sketi, kama imeguswa na kitu kichafu. Angeweza kunyamaza, wengi wangenyamaza. Lakini macho yaliyotazama kile kilio na kukirekodi yalikuwa yake. Alipanda gari la Mbozi siku hiyo hiyo.

Alimkuta Enesi anageuza kahawa kwenye kichanja. Si kahawa ya mtu mwenye njaa, vichanja vilikuwa vimejaa. Jirani yake Edina alikuwa ndiyo kwanza anaondoka, macho chini, na juu ya kinu ameacha sahani ya unga iliyofunikwa kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niambie wewe wa mjini, watu wana nini? Tangu jana wananiletea unga. Mwingine kaniletea gauni lenye kiraka."

Nyanzobe alimweleza yote, kisha akamwonyesha. Enesi aliifuta mikono kabla ya kuishika simu.

"Huyu anayelia ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Na hayo maandishi?"

Nyanzobe akasoma.

Enesi alikaa chini kwenye mkeka. "Nilikuwa namlilia Manase," alisema. "Huyo mtoto nimemlisha kwa mikono hii. Nilidhani na yeye amekuja kulia."

Wazee wa ukoo walipopata habari walimwita Yonasi, wakamwambia asipokuja kuomba radhi uwanjani, kura za Hasamba azisahau. Hilo alilisikia. Jumapili, Nyanzobe akiwa amekwenda kumsaidia Enesi kuchambua kahawa, gari likasimama.

Yonasi alishuka na shati lililopigwa pasi vizuri, akaja moja kwa moja na kupiga magoti kwenye vumbi. "Mama mdogo, nimekukosea. Nisamehe mwanao."

Nyuma yake alisimama mpiga video mwingine wa mjini, kamera begani. Tayari alikuwa anarekodi.

"Mwambie huyo azime," Enesi alisema.

"Mama mdogo, ni ili watu waone nimetubu."

"Azime kwanza. Ndipo uniombe."

Yonasi aligeuka kumtazama mpiga video, kisha akamtazama Enesi. Uwanja mzima, wazee na majirani waliokuja kushuhudia, ulimsubiri. Mpiga video naye alisubiri aambiwe, na hakuambiwa.

"Mama mdogo," Yonasi alianza upya, safari hii kwa sauti ya kutetemeka, "nakuomba kwa machozi..."

Enesi akavuta kanga, akajifunika uso wote, akakaa hivyo hivyo mpaka gari lilipoondoka.