Wageni Waliokuja na Kitanda Chao

Mwezi uliopita nilirudi Kamanga, ng'ambo ya Mwanza, nikiwa kwenye gari lenye vitanda, jiko la gesi na sinki. Usicheke. Mume wangu alinunua kosta iliyochoka, akang'oa viti, akamleta fundi seremala, na baada ya miezi ya misumari na kelele tukawa na nyumba inayotembea. Likizo hii akaamua tuzunguke nayo Kanda ya Ziwa pamoja na watoto, tulale tunapotaka, tusimsumbue mtu. Hayo maneno ya kutomsumbua mtu mimi ndiye niliyeyapenda zaidi, na ndiyo yanayonichoma mpaka leo.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulikuwa tumelala Usagara, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta, na asubuhi tukaingia mjini. Tulipiga picha penye yale mawe yaliyobebana ziwani, watoto wakauliza nani aliyapanga. Kisha Nyamagana: mume wangu akaenda kujaza mtungi wa gesi na kutafuta balbu ya taa ya nyuma, mimi nikaingia sokoni kununua sukari, sabuni, mchele na khanga za shangazi. Nikaongeza sato wawili wabichi. Foleni ya kivuko ilikuwa ndefu, basi nikapika humohumo garini, watu wakichungulia dirishani na wanangu wakijiona wafalme. Tulivuka tukiwa tumeshiba.

Shangazi ni dada yake baba. Ndiye aliyebaki kwenye nyumba ya bibi, nyumba niliyolelewa mpaka nikamaliza shule ya msingi. Nilikuwa nimempigia simu mapema nikamwambia, "Shangazi, usihangaike, tunakuja na kila kitu." Alicheka tu. Mgeni gani asiyesema usihangaike?

Kivuko kilipokaribia upande wa pili, harufu ya dagaa walioanikwa ikaja na upepo, nami nikaanza kuwakumbuka wageni wa bibi. Enzi hizo mgeni alionwa kwanza na mbwa, kisha na sisi. Tulimkimbilia mpaka kwenye ua wa minyaa, tukigombania mzigo wake, maana aliyeubeba ndiye aliyekuwa wa kwanza kunusa kama ndani kuna mkate. Bibi hakumuuliza mtu amekuja kwa shughuli gani wala ataondoka lini. Alimpa kiti, akampa maji, akamwacha apumue. Sisi tulishatumwa kila mmoja njia yake: huyu kuni, huyu ziwani na ndoo, huyu kwa jirani kuazima zile sahani zenye maua. Jogoo naye nadhani alishajua maana ya mgeni, kwa jinsi alivyotusumbua kumkamata.

Halafu kulikuwa na jambo la kitanda. Nyumba ilikuwa na kitanda kimoja cha maana, cha mbao, chenye godoro la sufi. Siku za kawaida tulilala humo wajukuu wote, vichwa huku na miguu kule. Mgeni akija tulihamia chini kwenye jamvi bila kuambiwa. Shangazi, wakati huo msichana mkubwa ambaye hajaolewa, alifungua sanduku la bati akatoa shuka mbili nyeupe zilizotunzwa pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia. Alizitandika na kuzinyoosha kwa kiganja mpaka mkunjo wa mwisho ukaisha. Kuanzia hapo hakuna mtoto aliyeruhusiwa hata kuegemea. Mgeni akikwama njiani asifike, sisi tulilala chini vilevile, maana bibi alisema kitanda kikishatandikwa si chetu tena.

Unadhani tulilalamika? Hata kidogo. Mgeni alikuwa ndiye redio yetu. Tukiwa pale chini tulisikia habari za Geita, za Ukerewe, za ng'ombe waliopotea na mabibi harusi waliokimbia, na asubuhi tulikunywa uji wa maziwa na kutafuna matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa juani. Mgeni akiaga, nilikuwa nalia.

Tulifika jua limeanza kupoa. Wajukuu wa shangazi walitoka mbio mpaka kwenye minyaa, wakasimama wakitafuta mzigo wa kupokea. Tulishuka mikono mitupu, hata khanga za shangazi tumeziacha garini. Ndani, kuku, ugali wa muhogo na dagaa wa kukaanga vilikuwa vimefunikwa mezani, shangazi amesimama kando na jagi la kunawia. Wanangu walidokoa kidogo. "Tumeshakula kwenye gari, bibi," mdogo alisema, kwa adabu kabisa. "Haya mjukuu wangu, hamna shida," shangazi akajibu, akamfunika tena kuku wake.

Mume wangu, kwa nia njema, akamwalika aje alione gari. Alipanda polepole, akagusa sinki, akabonyeza godoro kwa kidole.

"Hongereni, baba," alisema. "Kwa hiyo mnalala humu?"

"Ndiyo shangazi, hatutaki kukupa shida."

Mimi nilikuwa mlangoni. Nilijua swali lile lilikuwa langu, si la mume wangu. Lakini nilikuwa nimechoka, watoto walishavua viatu, nikajiambia siku hizi watu wanaelewa. Nikamtakia shangazi usiku mwema.

Asubuhi niliingia ndani kumwamkia. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka nyeupe, hazina mkunjo hata mmoja, na sakafuni, kwenye jamvi, wajukuu wa shangazi walikuwa wamelala wamebanana. Niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona tangu nizaliwe. Mtu ambaye hakufunzwa anaweza kusema hakujua, lakini mimi nilifunzwa na nyumba hiyohiyo.

Nikamfuata shangazi jikoni, nikampa shikamoo, nikamwambia leo tutalala ndani, safari ya Bukoba itangoja. Alikuwa ameinama anapuliza moto. "Marahaba. Bukoba ni mbali, mwanangu," alisema. "Nendeni tu kama mlivyopanga." Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

Tukiwa bado hapo, jirani wa nyumba ya pili akaingia kusalimia wageni. Alikuwa ameshapita kwenye gari, ameona mapazia yamefungwa na ndala zetu zimepangwa chini ya mlango.

"Wageni wako wamelala nje?" alimuuliza shangazi. "Kwani ndani kuna nini?"

Kwa watu wa huku, mgeni akiikataa nyumba kuna kitu anakiogopa, ama uchafu, ama mwenye nyumba mwenyewe. Maneno hayo yangefika kisimani kabla ya chai. Neno langu moja lingetosha, niseme sisi ndio tuliotaka. Nikawa natafuta namna ya kulisema nisionekane wa kujidai, na shangazi akanitangulia.

"Ni mimi niliwakataza," alisema, bila kuinua kichwa. "Bati limeanza kuvuja upande wa wageni. Ningewalazaje watoto pale?"

Jirani akampa pole, akasema mwanawe ni fundi na yupo nyumbani, atamtuma sasa hivi. Bati lile halivuji. Shangazi ameitunza nyumba ile maisha yake yote iwe nyumba ya kupokea watu, na asubuhi ile aliitia doa kwa mdomo wake mwenyewe ili mimi niondoke na heshima. Nami niliitikia kwa kichwa, nikaacha uongo ule usimame.

Huwa tunapenda kusema watu wakarimu wamekwisha. Wapo, wanatandika. Waliokwisha ni wageni, wale waliojua kula hata wakiwa wameshiba na kulala pale walipotandikiwa. Mimi nililala chini miaka mingi kwa ajili yao, na zamu yangu ilipofika nikaja na kitanda changu.

Tulipokuwa tunageuza gari kuondoka, fundi alishapanda juu ya nyumba na nyundo yake. Shangazi alikuwa amesimama chini, kichwa ameinua, anamwonyesha kwa kidole mahali panapovuja.