Walichukua Damu, Wakakataa Mrija

Siku hizi wananiita chuoni nikawafundishe vijana namna ya kwenda kufanya utafiti kwa watu walionyimwa shule. Naenda, nafundisha. Lakini kila anaposimama kijana mmoja na kuniuliza kwa adabu, "Idhini ya jamii inapatikanaje?", inabidi ninywe maji kwanza ndipo nijibu. Wanadhani ni uzee. Si uzee, ni kinyaa, na nilikipata Gisenyi, mji wa Rwanda mpakani mwa Congo, kwenye kilima kilicho nyuma ya mtaa wa Mbugangari, miaka ile ya mwisho ya tisini, barabara za milimani zilipoanza tena kupitika bila mtu kumwomba Mungu kila kona.

Nilikuwa msichana niliyerudi na wazazi kutoka Goma. Nilikuwa na Kifaransa cha masista, Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, na pamoja na utajiri wote huo sikuwa na kazi. Basi profesa mmoja kutoka chuo kikuu cha Ulaya alipofika kwenye hoteli ya ufukweni akitafuta mkalimani, nilivaa sketi ya kanisani nikaenda. Akanichukua siku hiyohiyo. Nyumbani mama alipika nyama.

Kazi ilikuwa ni kwa wafinyanzi. Nitataja jina lao mara moja ili tuelewane: ni Batwa, watu waliokuwa msituni kabla babu zetu hawajafika na mashoka na ng'ombe wao. Miaka ile majina ya kabila hayakutamkwa ofisini, na kwa sababu ya yaliyotupata ilikuwa haki yasitamkwe. Kwa hiyo kwenye karatasi tuliandika "wafinyanzi". Ila mtu akishakatazwa kutamka jina haina maana kwamba amekatazwa dharau, na dharau ya Batwa katika nchi yetu ilikuwa haihitaji jina. Mtu anamnunua mama mtungi, anaupeleka nyumbani, anaujaza pombe ya mtama, anakunywa na jirani zake. Yule aliyeufinyanga akipita na kiu, atamiminiwa kwenye kibuyu kilichopasuka, akae kando. Mrija wake hauingii kwenye mtungi wa watu. Mimi nimekua nikiona hivyo na hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kunieleza kwa nini.

Profesa alikuwa amefika kilimani mwaka uliotangulia, kabla sijamjua, akiwa na muuguzi wa hapahapa mjini, dada mmoja aliyerudi kutoka Congo kama mimi. Walichukua damu kwenye mikono ya watu, wakaitia kwenye vichupa, wakaondoka. Sasa walitaka damu kwa mara ya pili. Lakini huko kwao kamati ya chuo ilikuwa imemkalia kooni: safari hii aonyeshe kwamba jamii imekubali kweli, si kuchovya vidole kwenye wino tu. Sikumwona akichukia. Alilipenda sana jambo hilo. Neno "heshima" lilimtoka mdomoni asubuhi na jioni, hata mhudumu wa hoteli akaanza kumwita Bwana Heshima akigeuka.

Sasa, pale hotelini kuna mtu alimwambia kwamba Wanyarwanda wakikubaliana hunywa pamoja kutoka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Macho yakamng'aa. Akasema ndivyo tutakavyofanya, kwa desturi yao wenyewe, na tutapiga picha kamati ione.

Nilimwambia. Nilimwambia palepale mezani kwamba desturi hiyo ina upande wa pili, kwamba na hawa watu hakuna anayechangia mtungi. Muuguzi akacheka, akaweka mkono begani kwangu.

"Ile ni ya zamani, dada," akasema, kisha akamgeukia profesa kwa Kifaransa laini: siku hizi Wanyarwanda wote ni wamoja. Profesa akaandika hilo pia.

Mtungi tuliununua kwa mama mmoja mfinyanzi niliyemfahamu kwa sura, maana alikuwa akishusha vyungu vyake kwenye kivuko cha mpaka cha Petite Barrière kuwauzia wanawake wa Goma, na Kiswahili chake alikiokota hukohuko mpakani. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na alikuwa na tabia ya kukutazama mikono kabla ya uso. Alipomwona muuguzi akishuka garini aliacha udongo aliokuwa anaukanda, akaja hata bila kunawa.

"Mulileta majibu?"

"Majibu ya nini, mama?" nikamuuliza.

"Ya damu. Ile mwaka ingine, muganga alisema wataangalia magonjwa mu damu, watarudia na majibu. Binti yangu walimutoa damu. Nyuma, mu mvua, alishikwa na homa, akafa. Nataka kujua damu ilisema nini."

Muuguzi alikuwa tayari anaupigapiga mtungi kwa kucha kusikiliza kama una ufa. Alisema majibu yatakuja, wasiwe na haraka, leo wameleta pombe. Yule mama akanitazama mimi. Nikamwahidi kwamba nitauliza mbele ya wote, kwenye mkutano wenyewe. Alikubali kwa kichwa, akarudi kwenye udongo.

Siku ya mkutano wafinyanzi walikaa uani, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo zao nzuri. Mtungi uliwekwa katikati. Profesa alipiga magoti, na kusema kweli hakusita, alitia mrija, akavuta pombe ya mtama mpaka povu likamkaa kwenye masharubu, watu wakamcheka kwa upendo. Yule mama akavuta baada yake. Mimi nikavuta, ilikuwa pombe kali, nzuri. Kisha profesa akanyanyua kamera, akawaashiria dereva wetu na muuguzi waingie kwenye picha.

Dereva akakumbuka gurudumu. Akaenda kuliangalia, na aliliangalia mpaka mkutano ulipokwisha.

Muuguzi alikuwa amekuja na kikombe chake cha plastiki ndani ya mkoba. Alikishika mkononi, akasimama hatua mbili nje ya duara, akitabasamu kwenye kamera. Hata kikombe hakukichovya. Watu uani wakaacha kucheka, wakamgeukia.

"Muganga," yule mama akasema polepole, "kunywa na sisi."

"Mi niko na tumbo, mama. Na tena ile mirija, mambo ya usafi. Mwatujua sisi wa hospitali."

Mambo ya usafi. Wiki iliyotangulia tu nilikuwa naye kwenye harusi Mbugangari, tumeinamia mtungi watu sijui wangapi, na yeye alikuwa anaupokea mrija kutoka mdomo wa shemeji yake bila hata kuufuta. Nilimtazama usoni nikaona mdomo wake umekunjwa upande mmoja, mkunjo mdogo ule wa mtu aliyekanyaga kitu, na alikuwa hajui kwamba unaonekana. Wenyeji wa pale uani walikuwa wanaujua tangu utotoni.

Yule mama hakupandisha sauti. "Mwaka ule ulikamata mukono ya binti yangu. Ulimufunga mupira hapa, ukamutoboa, ukatoa damu. Damu yetu munaweza beba mu motokari. Mate yetu munaogopa?"

Profesa aliuliza anasema nini. Muuguzi akawahi: "Anashukuru kwa pombe."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Nikasimama, nikamtafsiria profesa kila neno, la mama na la muuguzi pia. Uso ukamwiva. Kwa sekunde chache nikadhani sasa tutakuwa na mkutano wa watu. Akashusha kamera, akasema kwa Kifaransa kwamba anasikitika sana, na je, ingewezekana muuguzi akashika mrija tu, bila kunywa, kwa ajili ya picha.

Nilikataa kulitafsiri hilo. Nikamwambia kuna swali limekuwa likisubiri tangu mvua, nalo ni hili: damu ya binti wa mama huyu ilionekana na ugonjwa gani?

Hakuelewa. Akanitaka nirudie. Niliporudia, akanieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia ya posta, kwamba hawakutafuta ugonjwa. Walitafuta nasaba: watu hawa wametokana na nani, wamekaa duniani muda gani, wana undugu gani na watu wa misitu mingine. Ugonjwa haukuwa sehemu ya utafiti. Nani aliwaambia ugonjwa?

Sote wawili tukamgeukia muuguzi. Akapandisha mabega. "Kama ungesema nasaba, bangekubali? Mi nilisema maneno ya kuwafanya wakubali. Kazi iliisha vizuri, si ndiyo?"

Basi nikabaki na jibu hilo mdomoni, na mtu wa kumpa alikuwa amekaa mbele yangu, mikono magotini, ananisubiri. Sijawahi kuchukia kujua lugha kama siku ile. Nikachuchumaa nikamwambia kwa Kinyarwanda, lugha ya nyumbani kwake na kwangu, kwamba hakuna aliyeangalia kama binti yake anaumwa. Waliangalia babu zake ni akina nani.

"Babu zake," akarudia. Akawatazama wenzake. "Si wangeniuliza mimi."

Akauliza tena damu yenyewe iko wapi sasa. Profesa, akifurahi kupata swali analoweza kulijibu, alisema iko salama kabisa, imegandishwa kwenye mashine ya baridi huko chuoni, katika hali nzuri sana. Mama akasema wairudishe kwanza. Alisema alimzika mtoto akiwa amepunguka, na sasa anataka kumtimiza. Damu ikirudi, ndipo waje waongee habari ya damu nyingine. Profesa akaniambia nimweleze kwamba ombi litapelekwa panapohusika, ila kwa utaratibu vichupa ni mali ya chuo, na akauliza kama wengine, mmoja mmoja, kwa hiari yao, wangependa kuendelea leo. Nilipotafsiri, watu waliinuka mmoja baada ya mwingine, wakakung'uta nguo, wakaingia majumbani. Mtungi ulibaki katikati ya uwanja, umejaa zaidi ya nusu.

Tulishuka mjini bila vichupa. Muuguzi alikuwa amekaa mbele, anajifuta vidole kwa pamba yenye spiriti, kidole kwa kidole, ingawa hakuwa amegusa kitu. Nyuma, kando yangu, profesa alikuwa anaandika. Mara akainua kichwa, na bila ubaya wowote, hilo ndilo linalonitia kichefuchefu mpaka leo, bila ubaya wowote akasema inasikitisha habari ya yule binti, lakini kisayansi kichupa chake sasa kimekuwa na thamani zaidi, kwa sababu damu ile haiwezi kupatikana tena.

Nilimgonga dereva begani. Alisimamisha gari karibu na soko, nikashuka, nikatapika kando ya barabara mbele ya wauza nyanya. Pombe, chai, vyote. Muuguzi akateremsha kioo.

"Unaona?" akasema. "Nilikuambia ile mirija."

Sikurudi garini. Jioni nilikwenda hotelini kumwambia profesa atafute mkalimani mwingine, na nikamwomba kitu kimoja, anijibu ndiyo au hapana, bila heshima yake na bila utaratibu: kichupa kile kitarudi? Aliizungushazungusha glasi yake mezani. Wapagazi wa hoteli walikuwa wanaingiza viti vya ufukweni ndani, mvua ilikuwa inakuja kutoka upande wa ziwa. Akasema kwamba binafsi angependa sana. Nikamwambia sikuuliza angependa nini. Ndipo akasema hapana, hakitarudi. Angalau alisema, na ukweli huo nikaona sina haki ya kukaa nao peke yangu, kwa kuwa haukuwa wangu.

Asubuhi nilipanda kilimani kwa miguu. Mama mfinyanzi alikuwa uani anasokota udongo kamba ndefu kwa ajili ya shingo ya chungu. Kule nyuma mtungi wetu ulikuwa umeoshwa na kufunikwa, tayari kupelekwa mpakani. Alinitazama mikono, akaona mitupu, nadhani akaelewa tangu hapo, lakini aliniachia niseme. Nikamwambia damu haitarudi. Nikamwambia nimeacha kazi yao. Hili la pili sijui nililisema kwa faida ya nani.

Aliendelea kusokota. Akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha mpakani, macho kwenye udongo:

"Ile mashine, iko na baridi mingi?"

"Ndiyo, mama. Mingi sana. Kila kitu kinakuwa barafu."

Mikono yake ikasimama.

"Ule mutoto," akasema, "hakupendaka baridi."