Aliyeitika kwa Jina Langu

Jambo la kwanza tulilofundishwa kuhusu hatari ni kupanga foleni. Hatari ikija, firimbi inapulizwa, mnakimbia uwanjani, mnasimama bweni kwa bweni, majina yanaitwa, kila mtu anaitika, basi mmeokoka. Miaka hiyo ya elfu mbili mabweni yalikuwa yakiungua huku na huko nchini, na kila chuo kilitakiwa kionyeshe kwamba kimejiandaa. Chetu kilikuwa chuo kidogo cha walimu wa chekechea nje ya mji wa Bungoma, na siku hizi hakipo tena. Naibu wa mkuu wa chuo, mama mmoja mwenye haraka za kudumu, alienda semina kwetu Kitale akarudi na firimbi, kipaza sauti cha mkononi, na rangi nyekundu ya kupaka ndoo. Ndoo zikajazwa mchanga. Haukupita muda kuku wa mpishi wakaanza kutaga humo.

Mimi na firimbi hiyo hatukuelewana tangu mwanzo. Nilitoka Kibomet, hapo hapo Kitale, kwa mama aliyetulea kwa vibarua vya mashamba ya watu, na kwetu hatari ilikuja bila kupulizia mtu kitu. Zoezi la dharura likiitwa alfajiri, mimi nilijifunika blanketi. Rafiki yangu alilala kitanda cha chini yangu. Alikuwa msichana mrefu wa Sirisia, na akicheka aliziba mdomo kwa kiganja. Alikuwa akifunga kamba za viatu huku ananiambia, “Lala tu, bana. Mimi si niko?” Jina langu likiitwa, aliitika yeye.

Asiyewahi kuishi bweni ataona huo ni udanganyifu. Kwetu ulikuwa utu. Yeye akichelewa kurudi kutoka kwao kwa sababu ya mvua na barabara, mimi niliitika jina lake, na waliosimama karibu walitazama mbele kama hawakusikia. Mliazimana sabuni, mkaazimana chumvi, mkaazimana na sauti. Walimu walijua, nadhani, lakini kujua na kushughulika ni mambo mawili.

Siku ya wageni haikuwa kama siku nyingine. Walikuwa wanakuja wakubwa wa elimu kutazama maandalizi yetu, na naibu alitangaza kwamba atakayekosekana uwanjani afunge sanduku lake aende nyumbani. Baada ya chakula cha mchana wanafunzi wachache walichaguliwa wawe majeruhi. Walipakwa nyanya zilizopondwa kichwani na mikononi, wakatawanywa hapa na pale, wakaambiwa wapige mayowe kwa nguvu zao zote ili wageni waone mambo ni ya kweli. Mimi sikuchaguliwa. Nilikuwa nyuma ya bwalo naanua nguo, kwa sababu wingu lilikuwa limeshatoka upande wa Mlima Elgon, na wingu hilo halinaga mzaha. Firimbi ikalia. Kwa mara ya kwanza tangu nijiunge na chuo kile, nikatii. Nikakimbia.

Nilikata njia kupitia kwenye nyasi. Chini ya nyasi hizo kulikuwa na mabati yaliyooza, na chini ya mabati kulikuwa na tangi la zamani la maji ya mvua, lililochimbwa ardhini na kujengwa kwa mawe kabla chuo hakijaletewa mabomba. Hakuna aliyewahi kutuambia habari zake. Ndoo za mchanga zilikuwa kila kona, lakini pale hapakuwa hata na kijiti cha kumwonya mtu asikanyage. Mabati yalikatika, nikaenda nayo chini.

Niliangukia matope. Mguu wa kushoto ulijikunja chini yangu, nikausikia ukilia. Nilipojaribu kusimama niliona nyota, na si za mbinguni. Juu yangu palikuwa na tundu la mwanga, kubwa kama ungo. Nilisimama kwa mguu mmoja nikanyoosha mikono, vidole vikaparura mawe yenye utelezi, na mdomo wa tangi ulikuwa mbali bado. Nikapiga kelele. “Nisaidieni! Niko huku! Nimeanguka!”

Kutoka uwanjani nilisikia kipaza sauti cha naibu. “Sauti zaidi! Majeruhi, lieni!” Nikalia, Mungu anajua nililia. Kisha nikasikia tena, safari hii kwa furaha, “Huyo wa nyuma ya bwalo anafanya vizuri sana! Mnasikia? Hivyo ndivyo ninavyotaka!”

Hapo ndipo mvua ilipoanza. Haikuanza kwa matone. Ilimwagika tu, na paa lote la bwalo likaanza kutiririkia kwenye mfereji wake, na mfereji ule, ambao hakuna aliyekumbuka kuukata, uliishia ndani ya tangi. Maji yalinipiga begani kama mtu anayenisukuma kwa makusudi. Nilijisogeza ukutani. Matope yalikuwa yamenishika vifundo, na juu ya matope maji yalikuwa yanapanda, baridi, yakiwa na majani na kinyesi cha ndege.

Nilijiambia nisife moyo, maana majina yalikuwa yanaitwa. Hapo ndipo nililipenda zoezi lile kwa mara ya kwanza maishani. Niliwasikia wa bweni la kwanza, jina na “Niko!”, jina na “Niko!”, haraka haraka kwa sababu ya mvua. Wakaja wa kwetu. Nilinyamaza ili nisikie vizuri. Jina langu litaitwa, nilifikiri, na patakuwa kimya. Wataliita tena, na patakuwa kimya tena. Ndipo watageuka na kunitafuta. Nilikuwa nakiomba kile kimya kama mtu anavyoomba uponyaji.

Jina langu likaitwa.

“Niko, Madam!” akaitika rafiki yangu, kwa sauti safi ya kunisaidia.

Nilipiga kelele hadi koo likauma. Nilisema huyo si mimi, mimi niko huku, msimsikilize. Majina yaliendelea. Mwishowe kipaza sauti kikatangaza kwamba wote wapo, wote wako salama, na watu wakapiga makofi. Makofi yalikuwa marefu. Wageni walisifu, nikamsikia mmoja akisema jambo la kuiga, kisha mvua ikawatimua wote mbio. Wanafunzi walikimbilia mabwenini na wageni wakaingizwa bwaloni kunywa chai. Kati yangu na birika hilo la chai palikuwa na ukuta mmoja tu. Lakini mvua ya Bungoma ikipiga mabati, hata anayekaa nawe meza moja humsikii.

Maji yalifika kiunoni. Nilijaribu kuweka mguu mzima kwenye ufa wa mawe, nikapanda kidogo, nikateleza, nikameza maji. Nilijaribu tena na ukucha ukang'oka. Maji yalifika kifuani. Watu husema ukikaribia kufa unaona maisha yako yote. Mimi niliona sufuria ya mama ikiwa juu ya jiko, imefunikwa, sehemu yangu ya chakula ikiwa ndani, kwa maana alikuwa na tabia ya kuniwekea hata siku ambazo alijua siji. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikajikojolea, na ule ujotojoto mfupi ukanifariji, na hilo silionei haya. Kisha nikakasirika. Sikumkasirikia naibu wala tangi. Nilimkasirikia yule msichana wa Sirisia na “mimi si niko” yake. Nilimchukia kwa moyo wote, jinsi unavyoweza tu kumchukia unayempenda.

Yaliyotokea juu niliyajua baadaye, kwa kinywa chake. Alirudi bwenini akitota, akija kunicheka kwamba hata siku ya wageni nimelala. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Viatu vyangu havikuwepo. Nguo zangu nusu zilikuwa bado kwenye kamba, zinanyeshewa, na mimi sikuwa mtu wa kuacha nguo zinyeshewe. Akauliza huku na huku nani ameniona. Kila mtu akamjibu vilevile: si aliitika? Si alikuwa uwanjani? Nao walimsikia, lakini katika mvua ile hawakujua kama ni yeye au ni mimi. Aliniambia ndipo alipoelewa kwamba chuoni kote hakuna aliyesema kwamba nipo ila yeye.

Alikimbia hadi bwaloni, akaingia kwa wageni na matope miguuni.

“Madam, mwenzangu hayuko.”

“Aliitika. Nimemsikia mwenyewe.”

“Ni mimi niriitika, Madam.” Akikasirika au akiogopa, ulimi wake ulirudi kwao. “Yeye hayuko. Ni mimi.”

Naibu alitabasamu kwa ajili ya wageni, akamshika mkono akamtoa hadi mlangoni. “Tutaongea wageni wakienda,” akamwambia. “Si leo. Umenielewa? Si mbele ya watu.” Mlango ukafungwa.

Rafiki yangu alisimama nje kwenye mvua. Kisha akafanya kitu ambacho katika sheria za chuo hakikuruhusiwa, kwa sababu kilisemekana kuwatia majirani hofu. Aliweka mikono kichwani akapiga nduru.

Mimi niliisikia. Maji yalikuwa shingoni, nimeinua kidevu, nimeacha kuita. Nduru ya kwetu si mayowe ya watu waliopakwa nyanya. Inatoka tumboni, inapanda, inakatika, inapanda tena, na anayeisikia haulizi swali, anachukua kilicho karibu na kukimbia. Ndiyo inayopigwa nyumba ikiungua, ndiyo inayopigwa mtu akikata roho. Nilifikiri basi, nimekufa tayari, wameshaanza kunililia. Halafu nikafikiri, kama wananililia wanajua sipo. Nikakusanya pumzi iliyobaki nikaijibu.

Walikuja majirani wa ng'ambo ya ua. Mlinzi alikuwa amefunga geti kwa ajili ya wageni, basi wakakata ua kwa mapanga. Walikuwa watu waliokuwa wamejikinga mvua majumbani kwao, na jioni ile hawakuwa na deni lolote kwetu. Waliuliza ni wapi. Rafiki yangu hakujua. Akawaomba wanyamaze wote, akapiga nduru tena, kisha wakatega masikio, na kutoka nyuma ya bwalo wakasikia sauti yangu. Waliteremsha ngazi ya miti na kamba ya kufungia ng'ombe. Mwanamume mmoja aliingia majini akanibeba mgongoni. Nakumbuka wageni wamesimama barazani na vikombe mikononi.

Mguu ulifungwa plasta katika hospitali ya Bungoma. Rafiki yangu alikuja kuniona na viazi vitamu vilivyochemshwa, akaviweka kitandani, akasimama mbali.

“Nilisema uko,” akasema.

“Nilikusikia.”

“Ulinisikia?”

“Nilikusikia, halafu nikakusikia tena.”

Alikaa akalia, na safari hii hakuziba mdomo. Nami nililia. Ile chuki sikuiona tena, nikaitafuta hata leo sijui ilienda wapi.

Alisimamishwa masomo juma lile lile. Makosa yake yalikuwa mawili: kudanganya katika zoezi la dharura, na kuwachochea wanakijiji wavunje ua. Nilipochechemea hadi ofisini kumtetea, niliambiwa kwamba rafiki yangu alihatarisha maisha yangu. Ni kweli, aliyahatarisha. Nikauliza aliyekataa kumsikiliza mlangoni alifanya nini. Nikaambiwa niende nikapumzike. Nilipelekwa kwa mama Kitale, muhula ukaisha, na niliporudi kitanda cha chini kilikuwa na mtu mwingine. Yeye hakurudishwa. Tangi lilikuwa limefunikwa kwa zege, na kwenye ndoo mlikuwa na mchanga mpya.

Haikuchukua muda firimbi ikalia tena. Nilifika uwanjani na mkongojo wangu, nikasimama kwenye mstari wa bweni letu. Naibu aliita majina yale yale ya zamani, bila kuyapitia, kwa haraka zake zile zile. Akafika kwa jina la rafiki yangu, akaliita.

Mstari wote ulinitazama. Msichana aliyekuwa nyuma yangu alinigusa kiuno, akaninong'oneza, “Si uitike tu, tumalize?” Naibu akaliita tena. Nilijua sauti ya rafiki yangu ilivyo, ningeweza kuitoa bila shida, nilikuwa nimeitoa mara nyingi. Akaliita mara ya tatu, akainua macho, akaanza kutazama nyuso zetu moja moja, akitafuta ni nani aliyekosekana.

Nilifunga mdomo, nikamwacha amtafute.