Binti Yangu Anapewa "Dawa" Nikiwa Kazini

Admin, jina langu liweke mbali tafadhali, maana huku ughaibuni, mjini Pearland, Wakenya tunajuana hata kwa magari. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nesi, nimeolewa na tuna binti mmoja wa miaka minane, tumwite Neema. Mama mkwe alikuja kutoka Kenya kutusaidia kumlea, kwa sababu mimi na mume wangu shifti zetu hupishana.

Mwaka huu daktari wa Neema alitukalisha chini, mimi na mume wangu, akatuambia uzito wa mtoto umezidi na sukari yake imeanza kupanda. Jamani, mimi ndiye hufundisha wagonjwa mambo ya sukari! Niliona aibu, niliogopa. Nikaondoa soda, juisi na chips nyumbani, nikaanza kutembea naye jua likipoa. Mama mkwe nilimweleza mbio mbio nikitoka kwenda kazini, kwamba daktari amesema afya ya mtoto si nzuri, tumsaidie awe na afya. Akaitikia vizuri kabisa.

Uzito ukazidi kupanda. Sasa nikaanza kuchunguza. Nikiingia jikoni, nyanya na mjukuu wananyamaza. Sufuria ndogo kila mara imeoshwa, hata siku vyombo vingine vimejaa kwenye sinki. Chakula cha jioni Neema anakidonoa tu, na hana dalili ya njaa. Nilifika mahali pa kunusa mdomo wa mtoto wangu nikitoka kazini, nikijifanya nambusu. Siku moja ulinukia njugu. Nikamuuliza amekula nini. Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba hajakula kitu, amekunywa tu dawa ya shosho, yaani nyanya yake.

Dawa! Nilidhani mizizi, nikadhani mafuta ya kuombewa, nikadhani mengine ambayo sitayaandika hapa. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hivyo nikabadilishana shifti na mwenzangu bila kumwambia mtu, nikarudi nyumbani mchana. Nikamkuta mama anakoroga uji mzito wa wimbi, ndani njugu za kusaga na maziwa, na juu kipande kikubwa cha siagi kinayeyuka.

Nilimuuliza kwa nini ananiulia mtoto. Aliweka mwiko chini taratibu.

"Si ni wewe ulisema mtoto hana afya? Nimempa afya."

Wenzangu, mnajua kwetu mtu akikwambia umepata afya, jua nguo imekubana. Mama alielewa kwamba daktari analalamika Neema hajanona vya kutosha. Huo mwili alio nao, akasema, ni wa vyakula vya makaratasi, hauna nguvu ndani. Na alipoona nampunguzia sahani, akaamua namnyima mtoto ili afanane na wasichana wa kwenye televisheni. Kumbe vile nilivyokuwa namchunguza, naye alikuwa ananichunguza mimi.

Hapo ningecheka yaishe. Lakini njugu na siagi alinunua nani? Mama haendeshi gari, na hapa kwetu duka si la kwenda kwa miguu. Mume wangu alipofika nilimuuliza, akasema ati hakutaka kumvunja mama yake moyo. Mtu aliyeketi kando yangu kwa daktari, akasikia kila neno, bado aliibeba siagi akaileta nyumbani. Hiyo imeniuma kuliko uji.

Sasa mama amenuna, anataka kurudi Kenya. Shangazi za mume wangu wananipigia simu kuniuliza kwa nini namlaza mtoto njaa. Mume haongei. Mimi nami siamini mtu. Nikiona mfuko kwenye gari lake naufungua, na nikisikia kijiko kikigonga kikombe nasimama.

Nishaurini ndugu zangu. Nimbembeleze mama abaki tuelewane upya, au nimwache aende? Na huyu mume aliyejua akanyamaza, nitamwachiaje mtoto nikienda kazini? Nijibuni mapema, kwa sababu jana nilipofungua mlango, Neema alikuja mbio kunikumbatia kama kawaida yake. Kabla hajanifikia, aliziba mdomo kwa mkono.