Mume wangu anatia rangi nati ambazo hajakaza

Admin, nifichie jina, maana kwenye page hii wako watu wa kanisa letu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na minane, Mkenya, naishi Katy, upande wa Houston. Nimeolewa tangu ujana na mwanamume mpole anayejua kazi yake. Nyumbani Nakuru alikuwa fundi wa magari, na huku Marekani ameendesha malori mpaka akastaafu. Tuna binti mmoja, nitamwita Shiko. Anaishi Dallas, na mwezi ujao anaolewa huko.

Mzee wangu ana muscle car, yale magari ya Kimarekani ya zamani, milango miwili, injini inanguruma mpaka majirani wanachungulia. Mimi huliita mke mwenzangu. Amelivisha kuliko alivyonivisha mimi, lakini sijawahi kulionea wivu kwa sababu humtoa mbele ya televisheni. Shiko akiwa mdogo, baba yake alimwahidi kwamba siku ya harusi atampeleka kanisani kwa gari hilo. Tatizo lilikuwa mbele, chini kumechakaa, ukiingia freeway usukani unatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Kwa hivyo akaagiza vifaa vipya: springi, bushi, mikono inayoshika magurudumu ya mbele, na ball joint, ile nyonga ya chuma inayobeba gurudumu likikata kona. Hiyo ikichomoka ukiwa kwa mwendo, gurudumu linalala, na waliomo ndani wamebaki na Mungu tu.

Mimi ndiye hushika tochi. Miaka yote ni hivyo, yeye chini ya gari, mimi na tochi, tunapiga stori. Ana spana inayolia "ka!" nati ikikaza inavyotakiwa. Ikilia, anachukua rangi yangu ya kucha, ile nyekundu, anatia doti juu ya nati ili ajue hiyo imekwisha. Amenimalizia chupa nyingi kwa kazi hiyo. Basi siku ile, kwenye gurudumu la kushoto, nikasubiri mlio na sikuusikia. Akatia doti.

"Baba Shiko, hiyo spana haijalia," nikamwambia.

"Imelia bana. Si unaona rangi? Rangi haidanganyi."

Alipoingia ndani kunawa, niliigusa nati ile kwa vidole. Ikazunguka. Vidole tu, ndugu zangu! Nikachukua spana nikaikaza mwenyewe mpaka ikalia, kisha nikapitia doti zote, na nikakuta nati nyingine zimelegea vilevile. Nilizikaza moja moja mpaka zote zikalia.

Mtasema ni umri, kila mtu husahau. Lakini mimi ni nesi kwenye nyumba ya wazee, upande wa wale wanaopoteza kumbukumbu. Najua inavyoanza. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba juzijuzi alipotea akirudi kutoka kanisani Stafford, njia anayoipita kila Jumapili, akaniambia ni jam. Nikakumbuka na zile hadithi anazonirudishia wakati wa chai kama mpya. Kinachonikata maini ni kwamba zamani, nikimsimulia kuhusu wagonjwa wangu, aliniambia, "Mama Shiko, mimi nikifika huko, usiniambie. Wacha nisijue." Nilicheka, nikamjibu sawa.

Nilimpigia Shiko nikajaribu kuzunguka mbuyu. Nikamuuliza, je, baba yake akija kwa ndege, tukodi gari zuri hapo Dallas? Akaanza kulia. "Mum, please. Ana-call kila siku about that car. Sijawahi kumskia akiwa so happy. Usimharibie." Nikamuuliza habari za gauni lake.

Gari likapelekwa kunyooshwa magurudumu, kisha akanizungusha nalo mtaani. Lilikwenda limenyooka kabisa. "Umeona mikono ya mzee?" akasema. "Hii naweza ku-drive mpaka Dallas na kidole moja." Nikamsifu, nikacheka naye. Halafu nikajifungia chumba cha kufulia nikalia mpaka shingo ikauma.

Jana nimetoka kazini nikakuta gari liko juu ya jeki tena, gurudumu la kushoto limetolewa, mzee yuko chini na spana. Akaniambia anataka kufunga ball joint mpya kabla ya harusi. Na hizo mpya alishazifunga, ziko mbele ya macho yake, zinang'aa! Nikachukua tochi nikachutama. Alizitazama zile doti kwa muda mrefu.

"Nani ameweka rangi hapa?"

"Ni mimi," nikamdanganya.

Akaijaribu nati moja kwa spana. Ikalia. Akanitazama vile fundi humtazama fundi mwenzake. "Umekaza vizuri, Mama Shiko. Nani alikufunza?"

"Ni wewe."

Akafurahi sana.

Najua mtaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Miadi ya daktari nimemtafutia, kwa kisingizio cha presha, lakini iko baada ya harusi, na ya karibu zaidi sikupata. Nikimwambia sasa, nimevunja neno nililompa, na nimemnyang'anya siku aliyoingoja tangu mtoto ana meno ya utoto. Nikinyamaza, nampandisha binti yangu na gauni lake jeupe kwenye gari la mtu anayeweza kusahau njia ya kanisani, au kulegeza nati asubuhi hiyohiyo mimi nikiwa naoga. Nampenda huyu mwanamume, na sijui kumpenda ni kufanya lipi kati ya haya mawili.

Wazazi wenzangu, mliopitia haya, nishaurini na msinicheke. Nifanye nini? Nijibuni upesi, maana naandika niko jikoni, na yeye ananiita kutoka gereji nikamshikie tochi.